Nilijua Breki Zimefungwa Kinyume

Kama ulilikosa gazeti la wiki jana, nakusogeza kwa maneno machache ili tuwe pamoja.

Naitwa Bernadetha. Ni Mpimbwe wa Usevya, shule niliiachia darasa la nne mama alipougua. Mwaka wa tisini na nne niliolewa Mpanda mjini, mtaa wa Shanwe, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mume wangu Masunga alikuwa na pikapu Land Cruiser na tela zito la ekseli mbili. Tela alilinunua kwa Wazungu waliokuwa wakichimba visima, siku walipofunga kambi yao.

Breki za tela lile hazikuwa za mafuta, wala za upepo kama za malori. Zilikuwa za umeme. Zilipokufa, tela lilimsukuma Masunga kwenye mteremko wa Karema likamtia korongoni. Alitoka na mshono wa kidevuni tu. Tangu siku hiyo sikumwomba Mungu kingine. Nilitaka breki nzuri, mume wangu aende Karema na arudi.

Mafundi wa mji mzima walikuja, wakachungulia, wakajikuna. "Bomba liko wapi?" Hapakuwa na bomba, zilikuwepo nyaya mbili. Masunga alikwenda Tabora akarudi na breki ndogo, zikacheza ndani ya dramu kama punje ndani ya debe. Akaenda Sumbawanga, akarudi mikono mitupu.

Wiki jana niliishia nikiwa mlangoni kwa Sixte, kule Katumba, nikiwa nimefunga sahani ya breki mbovu kwenye kanga.

Sixte alikuwa fundi wa wale Wazungu. Naye alilitaka tela. Alipolikosa walitukanana na Masunga sokoni mbele za watu, na Masunga akaniapia: "Nikisikia umekanyaga kwa Sixte, utarudi Usevya na sanduku lako kichwani."

Nami nikakanyaga.

Sixte aliitazama ile sahani, akanitazama mimi.

"Shemeji, mumeo anajua uko hapa?"

Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Basi hajui. Kaa. Unajua kuandika?"

"Polepole."

"Hata mimi nasoma polepole. Andika."

Akanitajia, nikaandika nyuma ya karatasi ya sabuni. Dramu ya inchi kumi na mbili, upana inchi mbili. Bolti tano nyuma ya sahani. Umeme wa volti kumi na mbili, wasimpe za ishirini na nne. Ziko nne, mbili za kulia na mbili za kushoto.

Kisha akaniwekea sahani mapajani, akanishika kidole akakipitisha juu ya vipande viwili vya lainingi, vile vinavyobana dramu.

"Unaona? Hiki kifupi, hiki kirefu. Kifupi kinatazama mbele, kule gari linakokwenda. Ukikigeuza nyuma, tela likirudi kinyumenyume linakamata kama mbwa. Likienda mbele, linateleza tu. Sawa?"

"Sawa."

"Na kulia ni kulia kwa dereva, akiwa kwenye usukani. Siyo kwako wewe uliyesimama unalishangaa."

Hilo sikuliandika. Karatasi ilikuwa imejaa. Nilisema moyoni, nitalikumbuka. Na nililikumbuka, wasomaji wangu. Hilo ndilo linalonitafuna hadi leo.

Nilipompa Masunga karatasi, aliisoma mara tatu.

"Nani kakupa hivi vipimo?"

"Sista wa parokiani. Ana kitabu cha magari."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Masunga alininyanyua juu mbele ya jirani zetu, nikaona aibu nikaficha uso. "Nyie, mke wangu ana akili kuliko mafundi wote wa Mpanda!" Kesho yake alipanda treni ya kwenda pwani kuzitafuta.

Wiki mbili baadaye nikaitwa stesheni. Karani wa vifurushi alilisukuma gunia kwa mguu.

"Dada, umetumiwa mawe? Wenzako wanatumiwa vitenge."

Ndani zilikuwa breki nne, mpya kabisa, na barua. Masunga alikuwa amezipata huko pwani, mtaa wa Gerezani, kwa mtu mmoja anayevunja magari mabovu. *Detha, mwambie baba azifunge haraka. Saruji ya zahanati ya Karema inanisubiri. Mimi nangoja kiboksi cha kuziongozea, nitakuja na treni ya Jumatano. Breki zenye kamba nyekundu ni za kulia.*

Mwambie baba. Ni rahisi kuandika.

Katika nyumba ile, mkamwana hamsogelei baba mkwe. Hamtazami usoni, halitaji jina lake, hakai alipokaa. Likiwepo neno, linapitia kwa mama mkwe. Mama mkwe ndiye alikuwa mdomo wangu. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuja, niliishika heshima hiyo kuliko hata binti zao. Miaka miwili nilikaa ua mmoja na mzee yule, sikuwahi kusikia akiniambia hata "pole".

Wiki hiyo mama mkwe alikuwa msibani Inyonga.

Nililiacha gunia kando ya tela na barua juu yake, nikarudi jikoni. Mzee aliisoma kwa kuifuata kwa kidole. Mzee alikuwa fundi wa siku nyingi, mikono yake ilikuwa imefungua na kufunga malori tangu enzi za kampuni ya madini. Alivua shati, akatandika gunia, akakaa mbele ya tela akilitazama.

Akazichukua za kamba nyekundu, akazipeleka kwenye mkono wake wa kulia.

Alikuwa amekaa analitazama tela uso kwa uso. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwa tela.

Nilisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Alipoinua sahani ya kwanza, nikakiona kipande kifupi. Kilitazama nyuma. Nikasubiri atakigeuza. Hakukigeuza.

Ningefanyaje? Mzee yuko kifua wazi, amelala chali. Hata kupita karibu ilikuwa matusi.

Mama mkwe alishaniambia kwamba neno likikubana sana, unamwambia mbuzi au kuku mkwe akiwa anasikia. Hapo humkosei heshima mtu. Palikuwa na mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya uzio. Nilimsogelea.

"Wewe mbuzi," nilisema, na sauti yangu ilitoka kama ya mgonjwa. "Kipande kifupi kinatakiwa kitazame mbele. Kulia ni kulia kwa dereva. Ukigeuza, tela halisimami."

Mbuzi aliendelea na ganda lake la muhogo.

Chini ya tela, spana ikanyamaza.

Kisha spana ikaendelea.

Jioni ile Mzee aliunga nyaya za tela kwenye betri ya pikapu kwa kupitia swichi, akawasha gari, akalirudisha tela kinyumenyume kuliingiza uani. Akabonyeza swichi. Matairi yote manne yakakamata, yakaburuza mchanga hadi uzio ukatikisika. Jirani yetu Martin alipiga makofi.

"Mzee, hizo siyo breki, hizo ni nanga!"

Mzee akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Nikajiambia, Detha, pengine umesahau. Pengine ni kirefu kinachotazama mbele. Wewe ni mtu wa darasa la nne.

Lakini nilijua. Linakamata kama mbwa likirudi nyuma. Ndivyo Sixte alivyosema, neno kwa neno.

Masunga aliingia Jumatano na kile kiboksi kifuani kama mtoto mchanga. Aliniletea kitenge cha rangi ya machungwa. Baba yake alimweleza jinsi zilivyokamata. Masunga akafunga kiboksi, akavuta tela tupu hadi sokoni akarudi. Kwenye tambarare ya Mpanda breki za pikapu peke yake zilitosha. Angejulia wapi?

Usiku nilimwandalia maji. Nikasimama nyuma ya pazia.

"Baba Fulani," nilimwita hivyo kwa kuwa bado hatukuwa na mtoto wa kumwitia, na yeye alipenda utani huo.

"Naam, Mama Fulani."

"Mngezijaribu kwa kwenda mbele. Na mzigo. Kwenye mlima mdogo kwanza."

Maji yakaacha kumwagika.

"Kwa nini?"

"Nimewaza tu."

"Umewaza. Baba amefunga breki kabla wewe hujazaliwa, halafu wewe umewaza?"

Nikalikunja pindo la pazia.

"Detha. Toka nyuma ya pazia." Nilitoka. Alikuwa amejifunga taulo, povu sikioni, na macho yake hayakuwa na utani. "Vile vipimo ni vya Sista kweli?"

"Ndiyo."

"Hukwenda Katumba?"

Huu ndio mlango niliofunguliwa. Ningesema ndiyo, angenipiga labda. Angenirudisha Usevya labda. Lakini angeuliza Sixte alisema nini, na tela lisingetoka nje ya uzio.

"Hapana," nikasema. "Sijakwenda."

Aliniangalia sana. Halafu akatabasamu, akanipitishia mkono wenye majimaji shavuni. "Basi lala, fundi wangu. Keshokutwa nitakuletea samaki, migebuka ya Karema, mpaka uichoke."

Alfajiri alipakia saruji mifuko sitini. Nilishika mlango wa pikapu, sikuuachia.

"Unataka tukumbatiane mbele ya baba?" akanitania.

Nikauachia.

Nilifua. Nilipika. Niliunguza. Kila nilipofumba macho niliona kile kipande kifupi kikitazama nyuma, kinatazama kule anakotoka, siyo kule anakokwenda.

Saa nne Marta, jirani yetu anayeuza maandazi, aliingia na sinia tupu kichwani.

"Shoga, mumeo leo ana harusi? Nimemwona mtaa wa Makanyagio, abiria wamejaa juu ya saruji. Hata mwalimu Josefina amepanda, anakwenda kuwaona wazazi wake. Nikamwambia mwalimu, shuka, utakuwa mweupe kama Mzungu!"

Alicheka. Mimi nilikaa chini pale pale penye majivu.

"Kuna nini?"

Niliinuka nikavuka ua. Nikaupita mstari ambao miaka miwili sikuwahi kuupita, nikaingia barazani alipokuwa Mzee anakula. Nikapiga magoti mbele ya sahani yake. Nilimtazama usoni. Ana kovu juu ya jicho, sikuwa nalijua.

"Mzee Manyanda," nikasema. Nilimtaja jina. Marta, kule uani, alitoa sauti kama mtu aliyeungua. "Breki zimefungwa kinyume. Za kulia ziko kushoto. Zinashika kwa kurudi nyuma, kwa mbele hazishiki. Masunga anashuka mlimani na watu."

Mzee aliweka tonge chini. Hakunijibu mimi. Aligeukia ukuta, akauambia ukuta.

"Nilisikia. Mtu hamwelezi mbuzi mambo ya breki bure." Akanawa mikono taratibu, kama mtu mwenye muda. "Nikasema, mtoto wa juzi, mtoto wa kike, tena hata siyo wa kwetu, ananifundisha kazi? Usiku sikulala. Asubuhi nikasema, niliona kwa macho yangu zikikamata."

Alisikia. Tulijua wawili. Tulilala kwenye ua mmoja, kila mtu na neno lake kooni, na yule mmoja asiyejua akaenda.

Mzee alivaa koti. Alitangulia, nami nikamfuata hatua kumi nyuma. Martin, aliyesikia toka kwake, alishaondoka na baiskeli kuwahi barabara ya Kabungu, ya kwenda Karema, lakini baiskeli itaifikia pikapu wapi? Kilichobaki ni redio ya parokia. Karema nao wanayo.

Katekista Nathanael alitukaribisha kwa uso wa kushangaa. Msukuma mwenye ng'ombe zake hakuwa mtu wa parokia.

"Karema wanafungua redio saa kumi," alisema. "Kabla ya hapo utaita mpaka ukauke."

Tukasubiri. Mzee kwenye benchi, mimi sakafuni mlangoni. Saa sita, saa saba. Nilisali rozari, nikipoteza hesabu narudia mwanzo. Nilimwahidi Mungu kila kitu. Nilimwambia nichukue mimi, nirudi Usevya, nisizae, sawa tu. Awe amesimama njiani kupumzisha injini. Awe amepata pancha. Sijawahi kumwombea mtu pancha maishani mwangu.

Saa kumi ikafika. Nathanael akazungusha vitufe.

"Karema, Karema, hapa Mpanda. Mnanisikia? Ova."

Mlio. Mlio. Kisha sauti ya Telesphor, katekista wa kule, ninayemfahamu tangu mdogo, alikuwa akija Usevya kwa jamaa zake.

"Mpanda, nawasikia. Afadhali mmeita. Tuna msiba hapa. Pikapu yenye tela la saruji imetuangukia mlimani. Ova."

Sikulia. Mtu hulia akishajua.

"Dereva? Dereva ni Masunga wa Shanwe. Ova," Nathanael aliuliza huku ananitazama.

"Masunga ni mzima. Mkono umevunjika, lakini anaongea, yuko hapa hapa pembeni yangu. Ova."

Nikaangusha paji la uso sakafuni. Mzima! Mzee alisema neno la Kisukuma sikulielewa, akajishika magoti. Kwa muda wa pumzi mbili tu, wasomaji wangu, nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Mpanda.

"Lakini abiria waliokuwa juu ya mzigo," Telesphor akaendelea, "mwalimu Josefina amefariki. Wengine wameumia. Tela lilimsukuma toka kona ya pili, anasema alibonyeza breki hazikuwepo. Wazazi wa mwalimu wako hapa, watu wana hasira, na polisi yupo anaandika maelezo. Anauliza ni fundi gani aliyezifunga. Masunga anasema ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, hakuna mwingine aliyegusa. Polisi anasema kama ni hivyo, anampeleka rumande leo leo na mkono wake ule ule uliovunjika. Anataka mtu wa nyumbani athibitishe. Kuna mtu wa nyumbani hapo? Ova."

Masunga alikuwa bado safarini siku zile breki zilipofungwa. Mji mzima unajua. Alikuwa amejitwika ili baba yake asiguswe.

Nathanael alinyoosha kile kidude cha kuongelea. Alimnyooshea Mzee. Mzee hakukishika. Mikono yake ilibaki magotini.

Nikasimama mimi.

Mimi ambaye darasani nilikuwa najua jibu nakaa kimya, mpaka mwalimu akaniandika sifuri. Mimi niliyeongea na mbuzi. Nilikishika kile kidude kwa mikono miwili.

"Unabonyeza hapa pembeni," Nathanael aliniambia, "ukiwa unaongea. Ukimaliza, unaachia, ndipo na wao watasikika."

Nikabonyeza. Nikafungua mdomo.

"Mkamwana."

Niligeuka. Mzee alikuwa amesimama, ananitazama mimi, siyo ukuta. Ndiyo mara ya kwanza maishani aliniita.

"Mkamwana, usiseme." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba maji. "Nakuomba. Masunga ni kijana, jela ataingia na atatoka. Mimi nitafia humo. Mwache abebe. Ukimwambia polisi nilizifunga mimi, utamwambia pia kwamba ulijua. Tutakwenda wote. Mwache mwanangu abebe, nami nitakushika kama binti yangu wa kuzaa. Sitakuuliza hata ulijulia wapi."

Alikuwa analia. Machozi yalikuwa yakipita kwenye mikunjo ya uso wake na hakuyafuta. Nilimwonea huruma. Nasema kweli, nilimwonea huruma hadi nikasahau niko wapi.

Nathanael alikuwa ameshika kichwa. Alikuwa ananionyesha kitu kwa kidole, midomo yake inacheza bila sauti. Nikatazama anapoonyesha.

Kidole changu kilikuwa bado kimebonyeza.

Nikaachia.

Redio ilikaa kimya. Hakukuwa na mlio, hakukuwa na ova. Kisha ikasikika pumzi ya mtu, karibu sana, kama amesimama humu chumbani pamoja nasi.

"Baba?" akasema Masunga.